Pampu Zimeng'olewa, Maji Nayo?

Kituo cha mafuta kinapofungwa, jambo la kwanza analoliona mpita njia ni kwamba pampu zimeng'olewa. Baadaye bango la bei huteremshwa, paa la chuma huuzwa, na kiwanja huzungushiwa mabati. Haupiti muda mrefu watu wamekwisha kuzoea kusema "pale palipokuwa na sheli", na pengine kabla mabati hayajaingia kutu mtu amekwisha kuanza kujenga duka, nyumba ya wageni au skuli ya watoto. Hayo yote ni mambo ya juu ya ardhi. Leo tunataka kuyazungumzia yaliyo chini yake. Tuna suala moja ambalo twaamini kila mkaazi wa Unguja na Pemba ana haki ya kuliuliza, na kila ofisa anayehusika ana wajibu wa kulijibu: ni nani anayetia saini kwamba maji yaliyo chini ya kiwanja kile ni salama, na ametia saini hiyo kwa ushahidi gani?

Hatumlengi mfanyabiashara yeyote, wala hatusemi kwamba kisima fulani cha mtaa fulani kimeharibika. Tunauzungumzia utaratibu, na wakati wa kuutengeneza utaratibu ni sasa, kungali na utulivu.

Visiwa vyetu havina mto mkubwa wala ziwa la kutegemea. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipotaka kuuletea Mji wa Zanzibar maji ya mfereji, aliyachukua kutoka katika chemchem za kaskazini mwa mji, na maji ya chemchem si kitu ila ni maji ya chini ya ardhi yaliyopata njia ya kutokea. Tangu wakati huo tumeongeza visima vya kuchimba kwa mashine, matangi na mabomba, lakini ghala letu ni lile lile. Mvua ya masika na ya vuli huanguka, ikapenya ardhini, ikakaa huko ikitungoja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na karibu nusu yao wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Huko ndiko kwenye magari mengi na kwenye vituo vingi vya mafuta. Huko pia ndiko kwenye visima vingi vilivyochimbwa uani mwa nyumba za watu. Mambo haya matatu yamekutana katika eneo dogo sana.

Kisha litazamwe jiwe lenyewe. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, ni maweni, yaani jiwe la matumbawe lililojaa mianya na mapango. Mtu aliyewahi kuteremka katika pango la Mangapwani, au pango la Kuza kule Jambiani, akayaona maji matamu yametulia gizani, hahitaji kufundishwa na mtaalamu kwamba ardhi yetu ina matundu. Wazee wetu walipata maji humo karne nyingi kabla ya pampu. Lakini mwanya unaopitisha mvua hauchagui kinachomwagwa juu yake. Katika udongo wa kichanga au wa kinamo mafuta hukawia, na mtu huweza kukisia yanakokwenda. Katika jiwe lenye mianya huweza kwenda mbali kwa muda mfupi, tena kwa njia isiyonyooka, hata yakaonekana katika kisima ambacho hakuna aliyekitilia shaka.

Liko jambo jingine linalotutofautisha sisi watu wa visiwani na wenzetu wa bara. Maji yetu matamu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba. Wanaoijua elimu hii husema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna kiasi cha mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, ndipo chumvi ianze. Mizani hii ni nyepesi kuvurugika. Petroli nayo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo hukaa juu ya maji matamu kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Tuna basi petroli juu, maji matamu katikati na bahari chini. Mtu akija na pampu kubwa akayavuta maji kwa nguvu ili kuyatoa mafuta, kama inavyofanyika katika nchi za bara, aweza kuivuta bahari ipande juu. Atakuwa ameondoa harufu ya petroli na kuwaachia watu chumvi. Ndiyo sababu tunasema kwamba kusafisha maji ya chini ya ardhi kisiwani si kazi ya kumwachia mwenye kiwanja aifanye apendavyo, hata awe mwema namna gani.

Wako watakaouliza kama kweli tangi moja la sheli laweza kuleta madhara ya kuandikiwa tahariri. Na tufanye hesabu ya darasani. Tangi likivuja tone moja kila sekunde, hiyo ni kama lita 4 kwa siku, na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo imethibitishwa kuwa husababisha saratani ya damu. Kiwango cha benzini kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Hata ikiwa benzini ni sehemu moja katika mia ya petroli, benzini iliyomo katika lita moja yatosha kuyafikisha karibu lita laki nane za maji kwenye kiwango hicho. Kwa bahati njema mambo hayaendi hivyo moja kwa moja, kwa kuwa sehemu ya mafuta hugeuka mvuke na sehemu huliwa na vijidudu vya ardhini. Hata hivyo hesabu yatosha kutuonyesha kwamba jambo hili halihitaji mafuriko ya petroli. Tone, na muda, vinatosha.

Muda wenyewe ndio unaotolewa bure siku kituo kinapofungwa. Kituo kinapofanya kazi, kila asubuhi mtu huteremsha kijiti cha kupimia ndani ya tangi, akaandika kilichobaki, akakilinganisha na kilichouzwa. Kijiti hicho si kipimo cha kuaminika sana. Mafuta hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na uvujaji mdogo huweza kujificha ndani ya tofauti hiyo kwa miezi. Lakini ni kipimo. Kituo kikishafungwa kijiti hakiteremshwi tena. Mkaguzi wa leseni hana leseni ya kukagua, kwani imekwisha. Mtoza ada hana ada ya kutoza. Tangi la chuma limebaki ardhini karibu na bahari, ambako chuma huliwa upesi, na aghalabu chini yake mmebaki mafuta ambayo bomba la kuvutia halikuyafikia. Hivyo kituo hutoka machoni mwa mamlaka wakati ule ule ambapo suala lake linaacha kuwa la biashara na kuwa la maji.

Tumetafuta mfano wa visiwa vingine vilivyopata mtihani wa namna hii, na tukaupata Hawaii, katika kisiwa cha Oahu, uliko mji wa Honolulu. Hawaii ni visiwa vya volkano, si vya matumbawe kama vyetu, lakini nao hunywa maji ya chini ya ardhi. Mahali panapoitwa Red Hill, Jeshi la Majini la Marekani lilijenga, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, matangi 20 ya mafuta ndani ya mlima, kila moja likiweza kuchukua galoni milioni 12.5, kiasi cha futi 100 tu juu ya tabaka la maji. Tunakiri kwamba bohari ya vita si sheli ya mtaani. Lakini ukubwa wake ndio uliofanya kila hatua ya wadhibiti iandikwe na kusomwa na ulimwengu, na hatua hizo ndizo tunazotaka zitazamwe.

Mwaka 2014 tangi moja lilivuja kiasi cha galoni 27,000. Mwaka uliofuata Jeshi hilo, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani na Idara ya Afya ya Hawaii walitia saini makubaliano ya kuyatengeneza matangi. Makubaliano hayo yalitoa muda wa zaidi ya miaka 20. Bodi ya Maji ya Honolulu, ambayo ndiyo iliyokuwa na jukumu la kuwanywesha watu wa mji, haikuridhika na ikasema hivyo hadharani. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na maofisa wetu: mkono uliotia saini haukuwa mkono wa aliyekuwa na visima.

Mwezi wa Mei 2021 bomba likapasuka. Taarifa ya kwanza ikasema yaliyomwagika ni zaidi kidogo ya galoni 1,600, na kwamba karibu yote yameokotwa. Kumbe yalikuwa yamepungua kiasi cha galoni 20,000. Mengi yake yalikuwa yamenyonywa ndani ya bomba la kuondoshea maji ya kuzimia moto, yakakaa humo miezi sita bila ya mtu kuyaulizia, ingawa vitabu vya hesabu ya mafuta vilikuwepo. Tarehe 20 Novemba 2021 gari la ndani ya handaki liliigonga bomba hiyo, mafuta yakamwagika, na yakaingia katika kisima kilichokuwa kikitumiwa na mfumo wa maji wa watu wapatao 93,000. Haikupita wiki mbili watu wakaanza kusikia harufu ya mafuta majumbani mwao. Waliambiwa kwanza kwamba maji hayana neno. Watoto walipata vipele, watu wazima walitapika na kuumwa na vichwa, na familia kwa maelfu zikahamishiwa mahotelini. Bodi ya Maji ikakifunga kisima chake kikubwa cha Halawa kwa tahadhari, kwa kuwa tabaka la maji ni moja na halijui mpaka wa Jeshi na wa raia.

Tarehe 6 Desemba 2021 Idara ya Afya ilitoa amri ya dharura: shughuli zisimame, maji yasafishwe, matangi yamwagwe. Jeshi liliipinga amri hiyo kwanza. Hatimaye, tarehe 7 Machi 2022, Waziri wa Ulinzi wa Marekani alitangaza kwamba bohari itafungwa moja kwa moja, na kabla ya 2023 kwisha sehemu kubwa ya mafuta, zaidi ya galoni milioni 100, ilikuwa imekwisha kuondolewa. Kufungwa huko hakukumaliza kazi. Ndipo kazi ya kuyachunguza maji ilipoanza kwa dhati, kwa visima vya uchunguzi vilivyochimbwa kuuzunguka mlima. Mwaka 2023 kukawekwa utaratibu wa wawakilishi wa wakaazi kukutana na Jeshi na Shirika la Mazingira kuuliza masuala yao. Mikutano hiyo haikuwa ya sharubati na tambuu, na ugomvi ulikuwa mwingi. Lakini mkaazi alikuwa na kiti.

Wamarekani walikuwa na sababu ya kuyajua mambo haya mapema. Walitunga sheria ya matangi ya ardhini tangu 1984, baada ya kugundua kwamba matangi ya chuma yaliyozikwa katika miaka ya nyuma yalikuwa yakioza kwa pamoja. Tangu hapo wameandikisha maeneo zaidi ya laki tano yaliyovuja, mengi yao vituo vya kawaida vya mafuta, na maelfu kwa maelfu ya hayo yalikuwa bado hayajasafishwa miaka 40 baadaye. Wenye vituo walilazimishwa kuonyesha kwamba wana bima au dhamana ya kulipia usafishaji. Juu ya hayo kukawekwa ushuru wa sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni, uingie katika mfuko wa kusafisha pale mwenye tangi alipofilisika au asipopatikana. Mnunuzi hakuuhisi ushuru huo.

Tuliwataja watu wa mbali kwa kuwa habari zao zimeandikwa kwa urefu. Wa karibu nao wapo. Mwaka 2015 bomba la mafuta litokalo Mombasa kwenda Nairobi lilivuja katika bonde la Thange, Kibwezi, nchini Kenya, likaharibu mto na visima, na miaka mingi baadaye wanavijiji walikuwa wangali wakidai haki yao mahakamani.

Turudi nyumbani. Sisi tuna Mamlaka ya Maji, ZAWA, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji namba 4 ya 2006. Tuna Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, iliyoundwa kwa Sheria namba 7 ya 2013, ambayo ndiyo inayodhibiti biashara ya mafuta. Tuna Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA, iliyoundwa kwa Sheria namba 3 ya 2015. Mabaraza ya manispaa na miji nayo yana sauti juu ya ujenzi. Hatulilii ofisi mpya. Tunachokihofia ni kile kinachotokea katika kila nyumba yenye watu wazima wengi, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyefunga mlango. Kituo kinapofungwa, pawe na ofisi moja iliyotajwa kwa jina lake kuwa ndiyo yenye faili, na faili hilo lisifungwe bila ya saini ya Mamlaka ya Maji. Aliye na visima awe na neno la mwisho.

Saini hiyo itanguliwe na vipimo. Hapa hatukubali vipimo vya mwenye kituo peke yake, vilivyochukuliwa na mtu aliyemchagua na kumlipa mwenyewe, kwani kesi ya nyani haiwezi kupewa ngedere. Alipe yeye, ndiyo, lakini sampuli ichukuliwe mbele ya mkaguzi wa Serikali na ipimwe katika maabara ya Serikali au iliyokubaliwa na Serikali. Wala kipimo kimoja hakitoshi. Maji ya chini ya ardhi hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, na mafuta hupanda na kushuka nayo, yakilipaka jiwe njiani. Kisima kilichoonekana safi mwezi wa Februari chaweza kutoa harufu mwezi wa Mei, maji yanapopanda na kuyaosha yale yaliyokuwa yameganda juu. Anayeleta cheti cha kipimo cha siku moja amepima siku moja tu.

Kuhusu namna za kusafisha hatutasema mengi, kwani hiyo ni kazi ya wahandisi. Zipo za kuyachota mafuta yanayoelea, za kufyonza mvuke kutoka ardhini, za kupuliza hewa ndani ya maji, na ipo ya kuiachia ardhi ijisafishe yenyewe kwa vijidudu vyake. Hii ya mwisho tunataka itazamwe kwa jicho la pekee. Ni njia ya kweli, na mara nyingine ni ya busara kuliko pampu, hasa kisiwani kwa sababu tulizozitaja. Lakini ni rahisi mno kwa mtu asiyetaka kufanya lolote kujifunika kwa jina lake. Tofauti ya wawili hao ni moja: mmoja anapima kila baada ya miezi michache na kuonyesha kwamba uchafu unapungua, na wa pili hapimi.

Matokeo ya vipimo yawekwe wazi. Yabandikwe kwa sheha wa shehia inayohusika, kwa Kiswahili cha kueleweka, yakitaja kisima, tarehe, kilichopatikana na kiwango kinachoruhusiwa. Tunajua wako maofisa wanaoogopa kuwatia watu hofu. Tunawauliza kwa heshima: kule Oahu watu walitiwa hofu na karatasi, au na harufu iliyotoka mferejini baada ya kuambiwa kwamba maji hayana neno?

Gharama ni suala la haki. Mwenye sheli mbili tatu akiamriwa kuchimba visima vya uchunguzi anaweza kufilisika, na aliyefilisika hasafishi. Tunaona kwamba mfuko mdogo, unaochangiwa kwa kiasi kisichohisika katika kila lita inayouzwa, pamoja na dhamana inayowekwa wakati wa kupewa leseni na kurejeshwa baada ya saini ya mwisho, ungetuepusha na ubishi wa nani alipe wakati kisima kimekwisha kufungwa. Wizara yenye dhamana ya fedha na ilitazame jambo hili.

Kwa kuwa tumo katika habari ya matangi, hatuwezi kuyasahau yale yasiyo ya sheli. Umeme ulipokatika Unguja kwa kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hoteli, maduka na majumba yalinunua majenereta na kuweka akiba ya dizeli popote palipopatikana nafasi. Umeme ukarudi, na majenereta mengi yakanyamaza. Ni nani aliyeziandika akiba zile, na ni nani aliyekwenda kuzitazama?

Tunaomba basi kuanze na kazi ndogo isiyohitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Masheha wanajua kila mahali palipowahi kuwa na kituo cha mafuta katika shehia zao, na wasipojua wao wanajua wazee wanaokaa barazani. Kabla ya masika yajayo iandikwe rejista ya vituo vyote vilivyofungwa, ikionyesha matangi yaliyoondolewa, yaliyojazwa mchanga na yaliyoachwa yalivyo, pamoja na visima vyote vilivyo karibu. Rejista hiyo ianzie Mjini na Ng'ambo, ambako watu wanateka maji uani, na nakala yake iwekwe Mamlaka ya Maji, mahali ambapo mkaazi anayetaka kununua kiwanja ataweza kwenda kuisoma bila ya kuandika barua.